Birika Chini ya Kwaya

Wamethodisti wa Tolliver hawazamishi mtu majini kumbatiza. Mtoto huletwa mbele, mchungaji huchovya vidole kwenye bakuli, matone machache utosini, amina, watu wakaenda kula kuku wa kukaanga. Kwa hiyo mafundi walipong'oa zulia jekundu la jukwaa la kwaya, wakabandua mbao na kukuta birika la saruji lenye ngazi za kushukia, hakuna aliyeweza kuwaambia lilikuwa la nini. Swali lenyewe halikudumu. Walipomulika tochi ndani walitoka mbio hadi barabarani, mmoja akaacha kiatu.

Asubuhi iliyofuata Mpelelezi Nadine Crowder wa ofisi ya sherifu alisimama ukingoni mwa birika hilo. Mifupa ilikuwa imeshapelekwa kwa daktari wa maiti. Nadine alikuwa amelelewa katika kanisa hilihili. Enzi za kwaya ya watoto mahali pake palikuwa mstari wa mbele, juu ya mbao hizohizo. Alitazama shimo, akatazama mstari wa mbele, akakaa kwenye benchi.

"Unaumwa?" aliuliza Leverett Hoyt, askari mwenzake.

"Nimeimba juu yake, Leverett. Krismasi, Pasaka, zote. Nimeimba nikiruka-ruka."

"Basi kaa hapohapo, maana alichokikuta daktari ni kibaya zaidi." Hoyt alifungua karatasi yake. "Mwanamume. Kapigwa nyuma ya kichwa mara mbili kwa kitu kizito. Alivaa suti na kizibao. Kwenye mfuko mdogo wa kizibao kuna ufunguo wa shaba. Pembeni yake kulikuwa na sanduku la ngozi, limefungwa, kufuli limeota kutu, maabara watalifungua leo. Kibandiko cha sanduku kina jina."

"Nani?"

"Emmett Whitlow."

Nadine alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Mchungaji Whitlow alihamishwa. Mwaka sitini na tatu, mwezi wa sita. Nilikuwepo, tulitangaziwa."

Ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Kwa Wamethodisti askofu ndiye mwenye wachungaji, na kila Juni huwahamisha anavyotaka. Nyumba ni ya kanisa, vitanda ni vya kanisa, mpaka vijiko. Mchungaji huja na nguo na vitabu, na ikifika zamu yake huondoka navyo. Mwalimu akitoweka mjini watu wataingia msituni na mbwa. Mchungaji wa Kimethodisti akitoweka mwezi wa Juni, watu humwandalia mwenzake chakula cha kumkaribisha. Mji mzima ulikuwa umemuaga mtu aliyelala chini ya miguu yao, na hakuna aliyeuliza.

"Sisi tuliuliza," alisema Hoyt.

"Sisi nani?"

"Watu wa ng'ambo ya reli. Sisi weusi tuna kanisa letu la Kimethodisti kule, unalijua, ingawa hujawahi kuingia." Hakusema kwa hasira. "Mchungaji wenu alivuka reli akaja kwetu. Akasema Jumapili yake ya mwisho tuje wote, tupige magoti na nyinyi kwenye uzio mmoja wa madhabahu, tule mkate mmoja. Babu yangu alivaa suti yake ya harusi. Tukafika mpaka ngazini hapo. Mzee Satterlee alikuwa kasimama mlangoni. Akasema mchungaji kaitwa na askofu ghafla, kaondoka kwa basi la alfajiri, na mwaliko kaondoka nao."

"Babu yako alisema nini?"

"Alivua kofia, akasema asante, tukarudi. Njia nzima alikuwa anasema, yule bwana hakuwa mtu wa kuondoka bila kuaga. Nilidhani babu anajifariji."

Buford Satterlee alikuwa mzee wa kanisa tangu Nadine hajazaliwa, na ndiye aliyekuwa mwanahistoria wao. Kila sherehe ya kanisa aliwakusanya watoto ngazini na kuwasimulia lilivyoanza. Nadine aliijua hadithi ile kwa moyo.

*

Ofisini alimkuta Celia Whitlow, binti wa mchungaji, akimsubiri, koti mkononi. Alikuwa ameendesha gari kutoka Dothan, Alabama, baada tu ya kupigiwa simu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa macho, na alikataa kahawa.

"Sikuwahi kumwona," alisema. "Mama alikwenda kwa bibi kujifungua, ndiyo mimi. Baba amalizie Jumapili ya mwisho, Jumanne aje kutuchukua twende kituo kipya. Hakuja. Badala yake akapiga simu mzee wa kanisa, Satterlee. Pole dada, mumeo kaondoka na mhudumu wa mkahawa, anaitwa Darlene. Nimewaona kwa macho yangu wakipanda basi."

"Mama yako hakupeleka habari polisi?"

"Angesema nini? Mume wangu mchungaji kanikimbia na mwanamke, nisaidieni kumtafuta? Aliona aibu, akanyamaza. Na mimi hakunibatiza. Kwanza alisema nitabatizwa na baba yangu. Baadaye akasema sitabatizwa na mtu yeyote."

"Na askofu hakuulizia?"

"Aliandikiwa na huyohuyo Satterlee kwamba baba kaacha kazi."

Nadine aliona jinsi kazi ilivyofanyika. Kanisa liliambiwa kaitwa na askofu, askofu akaambiwa kaacha kazi, mke akaambiwa kaacha ndoa. Watatu hao hawakuwahi kukaa meza moja.

"Mimi nina swali moja tu, Mpelelezi," alisema Celia. "Ameuawa, sawa, nimesikia. Lakini siku ile alikuwa anatukimbia, au alikuwa anakuja? Mama yuko kitandani, madaktari wameshanyoosha mikono. Nataka nikamwambie angali anasikia."

"Sanduku lilikuwa limefungwa tayari," alisema Nadine. "Lakini sitakudanganya. Anayetoroka hufunga sanduku, na anayekwenda kwa mkewe hufunga sanduku."

"Basi tafuta."

Nadine alianza na Darlene. Ilikuwa kweli kwamba Darlene Fitch aliondoka Tolliver majira yale ya joto, na mji ulimsema mpaka ukachoka. Nusu ya ofisi iliamini mume wa Darlene ndiye muuaji. Darlene walimpata kwa simu, mji wa Macon, ana saluni yake, na sauti iliyokwaruzwa na sigara.

"Mimi na mchungaji?" Alicheka mpaka akakohoa. "We mtoto, mimi nilitoroka na muuza matairi! Tena Agosti, baada ya kulipwa mshahara. Mchungaji Whitlow alikuwa anakuja mkahawani kula pai ya pichi na kuonyesha watu picha ya mkewe. Tulikuwa tunamkimbia kwa hiyo picha. Nani kasema niliondoka naye?"

Nadine alimtajia. Upande wa pili wa simu kicheko kilikatika.

"Buford alijua mapema kabisa ninapanga kuondoka na nani," alisema Darlene. "Yule wa matairi alikuwa binamu yake."

*

Ng'ambo ya barabara, mkabala na Wamethodisti, lilisimama kanisa kubwa la matofali la Wabaptisti, na pembeni yake nyumba ya Bi Eunice Tarpley. Bi Eunice alikuwa amepita miaka themanini. Alikuwa amekaa barazani tangu habari zitoke, amevaa vizuri, akingoja mtu aje amuulize.

"Hatimaye Wamethodisti mmegundua maji!" alisema kabla Nadine hajapanda ngazi. "Karibu, mwanangu. Chai ya barafu ipo. Mimi nimezamishwa kwenye birika lile, unajua? Mwezi wa pili, maji kama kisu. Nilipoibuka nilimwona Yesu, lakini nadhani ilikuwa baridi."

"Birika la Wabaptisti limefikaje kanisani kwetu?"

"Kwenu! Lenu la mbao liliungua, mkawa mnasali kwenye ghala la pamba. Sisi tukajenga hili la matofali, lile la zamani tukawauzia. Watu wazima wote walijua, wakaona haya kulisema. Halafu Satterlee akaanza kuwahadithia watoto, 'Babu zetu walilijenga kwa mikono yao.' Mikono ya Wabaptisti hiyo! Nimeisikia kutoka hapa barazani miaka yote nikajikaza nisipige kelele."

Nadine naye alikuwa mmoja wa watoto wale, ameiamini na kuirudia. "Birika alilifunika nani?"

"Satterlee na baba'ke. Baba'ke alikuwa seremala. Waliweka mbao za kuinuliwa, mtu mmoja aliweza kuzitoa, maana siku moja huenda mngetaka kubatizwa kikristo." Alikunywa chai kidogo. "Waliojua hilo wako makaburini. Nimebaki mimi na Buford. Na mimi sikumuua mchungaji wenu, mwanangu. Siku hizi hata kuku aliyechinjwa tayari ananishinda."

Nadine alikumbuka zulia. Kila miaka michache kina mama waliomba lile jekundu litolewe, limechakaa, lina viraka, wanakwaya wanajikwaa. Na kila mara Satterlee alisimama kupinga, wakamcheka kwa ubahili. Safari hii mchungaji wa sasa alipitisha jambo hilo Satterlee akiwa hospitali, anafanyiwa upasuaji wa nyonga. Nadine aliaga bila kumaliza chai yake.

*

Mchungaji Priscilla Yates, mwanamke wa kwanza kupangiwa Tolliver, alimfungulia mlango wa nyumba ya kanisa akiwa na unga mikononi. Nadine aliweka mezani mfuko wa plastiki wa vielelezo. Ndani yake ulikuwamo ufunguo wa shaba, mkubwa, kichwa chake kimechongwa kama jani.

Mchungaji Yates alishangaa. "Mbona unafanana na wangu?"

Aliuchukua wake msumarini na kuulaza kando. Kwa macho ulikuwa pacha. Kila mtu Tolliver aliujua. Mchungaji anayeondoka humkabidhi mzee wa kanisa ufunguo wa nyumba, mkono kwa mkono, na mzee humkabidhi anayekuja. Ufunguo ni uleule, walisema, tangu mchungaji wa kwanza aliyekuja na farasi. Yates alilia siku alipokabidhiwa.

"Unafungua nini?"

"Mlango wa mbele."

"Na wa stoo ya chini?"

"Ah, ule haufunguki. Nimeambiwa ufunguo mmoja ndio wa milango yote miwili, lakini kila mchungaji aliyepita hapa kashindwa. Kitasa kimekufa. Tunapitia dirishani."

"Nipe wako kwanza."

Walishuka upande wa nyuma wa nyumba. Nadine alivaa glavu, akaingiza ufunguo wa Yates kwenye mlango wa stoo. Uliingia nusu ukagoma. Akautoa, akapulizia mafuta kidogo kwenye tundu, akachukua ule uliolala birikani miaka thelathini na zaidi, akauingiza. Ulizama wote. Aliuzungusha polepole. Kitasa kililia, kikaachia, na mlango ukajifungua wenyewe kwa uzito wake.

Mchungaji Yates aliziba mdomo kwa mkono wenye unga.

"Basi huu wangu ni wa nini?" alisema.

"Ni wa kitasa kipya cha mlango wa mbele," alisema Nadine. Aliurudisha ufunguo wa Whitlow kwenye mfuko wa vielelezo. "Mtu alikosa ufunguo, akabadilisha kitasa, akachongesha unaofanana. Akaisahau stoo."

Hoyt aliwakuta hapohapo uani. Maabara walikuwa wamefungua sanduku: mashati, Biblia, wembe, na kitu kilichoviringishwa kwenye karatasi ya nta. Alimpa Nadine mfuko wa pili. Nadine aliutazama, akakaa kwenye ngazi za stoo.

Lilikuwa gauni jeupe la ubatizo, la mtoto mchanga, limepiga umanjano kidogo. Kwenye ukosi palidariziwa ua dogo la petali nne. Kila mtoto wa Kimethodisti wa Tolliver alilivaa gauni la aina hiyo. La Nadine mwenyewe lilikuwa kwenye kabati la mama yake. Mshonaji alikuwa mmoja tu.

"Bi Ola," alisema Hoyt.

"Mke wa Satterlee. Mlete Celia, lakini abaki kwenye gari."

*

Buford na Ola Satterlee walikuwa mezani, maharage na mkate wa mahindi. Mzee alikuwa na gongo la chuma kando ya kiti. Bi Ola, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani minene, aliinuka kuongeza sahani.

"Tusikae kula, Bi Ola, asante," alisema Nadine. "Mzee Satterlee, Afande Hoyt atakusomea haki zako kwanza."

"Nazijua haki zangu, kijana," alisema Satterlee.

"Nina mjukuu," alisema Hoyt, akamsomea zote mpaka mwisho.

"Naona tumefika pabaya," Satterlee alisema, bado akitabasamu. "Uliza, Nadine. Nimekufundisha Biblia mimi."

"Nihadithie ile ya Mchungaji Whitlow na ufunguo."

"Umeisikia mara mia."

"Nataka mara hii pia."

Mzee alifuta mdomo. Ilikuwa hadithi yake, na sauti ilijipanga yenyewe. "Alfajiri, kituo cha basi. Ukungu. Akanishika mkono, akauweka ufunguo hapa, kiganjani. Akasema, Ndugu Satterlee, litunze kundi. Akapanda, na sikumwona tena."

"Ufunguo huu?" Nadine aliuweka mfuko mezani, karibu na maharage.

"Huohuo."

"Umetoka kwenye mfuko wa kizibao chake. Birikani."

Satterlee aliutazama ufunguo. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale bila mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, ingawa hii ilikuwa imemchukua mbali.

"Ufunguo huu umefungua mlango wa stoo," alisema Nadine. "Wa mchungaji wa sasa haufungui. Nani alibadilisha kitasa cha mbele, mwezi wa sita, sitini na tatu?"

"Buford?" alisema Bi Ola.

"Nyamaza, Ola."

"Nani aliyekuwa anajua birika liko pale?"

"Ilikuwa bahati mbaya." Sauti ilikuwa imeshuka. "Jumamosi jioni. Nilimkuta anapanga vikombe vya meza ya Bwana, na sanduku lake liko benchini, tayari la safari. Nilimwomba. Nilimwambia, utatuvunjia kanisa, utaondoka wewe, sisi tutabaki na vipande. Akasema meza si yangu kuwafungia watu. Nikamsukuma tu. Akaangukia uzio."

"Daktari anasema mara mbili, kwa nyuma," alisema Hoyt. "Uzio haukufuati ukakupiga tena."

Mzee alisema, kama mtu anayejisemea, "Nilipoukumbuka ufunguo, zulia lilikuwa limeshatandikwa."

Mtu huyu ndiye aliyemshika Nadine mkono kumpandisha jukwaani, akimwambia asimame wima aimbe kwa nguvu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimewavalisha mpaka majoho ya kwaya.

"Bi Ola," alisema Nadine, "nina swali kwako, samahani sana." Akaweka mfuko wa pili mezani. "Hii ni kazi yako?"

Bi Ola aliinamia plastiki. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akavaa tena. Kidole chake kilifuata ua la ukosi bila kuligusa.

"Hili ni la mtoto wa Lorene, mke wa Mchungaji Whitlow," alisema. "Petali hii nilikosea, nikafumua, unaona tundu? Nilimpelekea mchungaji Jumamosi ile, jioni, kabla hajaenda kanisani. Alicheka akalifunga kwenye karatasi ya nta mwenyewe, lisikunjike. Akasema, Bi Ola, mke wangu hataki mtu mwingine ambatize, Jumanne nafika, nambatiza sebuleni kwa mama mkwe kabla sijavua kofia." Alimgeukia mume wake. "Uliniambia ulimwona anapanda basi na mwanamke. Ulinikataza nisimwandikie Lorene, nisimuumize. Miaka yote nimemlaani mtu yule nikipika chakula chako. Limetoka wapi gauni hili, Buford?"

Satterlee alitazama sahani yake.

"Nimekuuliza limetoka wapi!"

"Lilikuwa kwenye sanduku," alisema Nadine kwa upole. "Pamoja naye."

Bi Ola alisimama. Alikwenda ukutani, akatungua kofia ya mumewe, akaiweka juu ya maharage yake.

"Vaa," alisema. "Hawa watu wanakungoja."

Kisha akamuuliza Nadine, "Na yule mtoto? Aliishi?"

"Yuko nje, Bi Ola. Ndani ya gari."

Bi Ola hakusubiri kusaidiwa. Alitoka na aproni yake, akashuka ngazi akishikilia ukuta, akavuka majani moja kwa moja bila kufuata njia. Nadine alimfuata mpaka barazani akasimama hapo. Celia alikuwa amefungua mlango wa gari, mguu mmoja chini, hajui anayekuja ni nani. Yule bibi alimshika uso kwa mikono miwili, na alisema kwa sauti ya juu, kama asemavyo mtu aliyezoea viziwi, mpaka mume wake alisikia mle ndani.

"Alikuwa anakuja, mwanangu. Alikuwa anakuja Jumanne."